Runinga Inafikiri

Deki ya zamani ilikuwa na adabu. Unaipa kanda, inameza, picha inatoka. Ikigoma unaipiga kofi la ubavuni, picha inatoka. Haikutaka nenosiri, haikuuliza una umri gani, wala haikukukalisha kitako usome masharti ya wanasheria wa ng'ambo ndipo ubonyeze "nakubali". Leo mtu mzima akitaka kuangalia picha yake mwenyewe, iliyomo ndani ya nyumba yake, kwenye runinga anayoilipia umeme yeye, anaambiwa lazima awe na seva.

Seva! Neno hilo nilizoea kulisikia dirishani kwenye maofisi: seva iko chini, mzee, njoo kesho. Sasa ninayo moja hapa Tabata, juu ya kabati la vyombo, na huko juu iliko, muda mwingi iko chini.

Sikuitafuta kwa anasa. Ukikaa Dar es Salaam miaka ya kutosha, vitu vinakujia vyenyewe. Kuna kanda za VHS za harusi yetu, kuna CD za akika za watoto, kuna DVD za Bongo Movie enzi za Kanumba, kuna flashi zilizojazwa muvi na sizoni Kariakoo, kuna simu zilizokufa na video za mahafali tumboni. Vyote hivyo vilikuwa kwenye droo, ndani ya mifuko ya rambo. Serikali iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu Juni 2019, ila droo za kwangu taarifa haijazifikia.

Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, ndiye aliyenijia na habari njema. "Mjomba, unahamishia kila kitu kwenye diski moja, unaiunganisha na ruta, TV inavuta yenyewe. Nusu saa tu." Vijana wa sasa kazi zote wanazipima kwa nusu saa, hata zile ambazo zitafanywa na mtu mwingine.

Tukaenda kununua diski. Boksi limeandikwa terabaiti 2. Kufika nyumbani, kuichomeka, kompyuta inasema 1.81. Nikarudi nalo Kariakoo nimelikumbatia. Muuzaji hata hakuinua macho kwenye simu yake: "Mzee wangu, hata Dubai ni hivyohivyo." Mpwa akanieleza njiani kwamba mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, lakini Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo hakuna kilichopungua, ni hesabu tu zimetofautiana. Sawa. Muuza mchele angenijazia kilo kwa hesabu za namna hiyo tungeishia kwa mtendaji wa mtaa. Kwenye diski inaitwa elimu.

Wazo la kwanza lilikuwa la watu wenye akili zao: chomeka diski nyuma ya TV, bonyeza rimoti, angalia. TV ikaitazama diski ikasema haiitambui. Kumbe diski nayo lazima ipangwe kwa mtindo ambao runinga inaufahamu, na mtindo pekee ambao hii ya kwangu inaufahamu ni FAT32, mtindo uliotoka 1996. Tukaipanga upya. TV ikafurahi. Kisha FAT32 ikakataa faili la harusi, kwa sababu haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na harusi yetu, kwa vile ilikuwa na wasemaji wengi, inapita hapo. Ndiyo kusema runinga ilikuwa tayari kuonyesha kila kitu isipokuwa kile nilichonunulia diski.

Kuhusu harusi hiyo naomba niseme neno. Kuitoa kwenye VHS na kuiingiza kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato. Kanda ya saa tatu inachukua saa tatu, kwa sababu deki inabidi iicheze yote tangu bismillahi hadi watu wanapogombea mabaki ya pilau, huku kompyuta ikinakili. Na hapo uwe umempata mwenye deki nzima. Funai, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizo, iliacha mwaka 2016. Kilichobaki ni cha mafundi wachache wa mitaani wanaojua thamani yao. Fundi wangu aliifungua kanda, akauona ukungu mweupe ulioletwa na joto letu la Pwani, akaguna, na kila alipoguna bei ikapanda.

Basi, kwa kuwa TV na diski havikupatana, mpwa akasema hapo ndipo seva inapoingia. Diski inakaa na kompyuta, kompyuta inaongea na TV kupitia ruta, na TV haina haja ya kujua diski imepangwa vipi. Makampuni makubwa, Sony na Intel yakiwemo, yalishakubaliana tangu 2003 juu ya utaratibu unaoitwa DLNA, ili vyombo vya nyumba moja viweze kupeana picha. Vinapeana kweli, siku vikijisikia.

Programu za kazi hii ziko nyingi, na zina mambo ya ukoo. Kodi ilianzia kwenye mashine ya michezo ya Xbox. Plex ilichipuka kwenye shina hilohilo. Emby ilipofunga milango ya msimbo wake, mwishoni mwa 2018, wengine wakabeba kilichokuwa wazi wakaondoka nacho na kukiita Jellyfin. Niliposikia hivyo nilijisikia nyumbani kabisa, maana hata shamba la babu yetu liligawanywa hivyohivyo. Iliyoko kwangu siitaji jina, tusije tukaitana mahakamani.

Mashine yenyewe ni laptopu ya zamani ya binti yangu, imevunjika kioo. Sasa laptopu ukiifunga kifuniko, inalala. Ikilala, nyumba nzima haina muvi. Mke wangu kila akipita na kitambaa cha vumbi anaifunga, kwa sababu kitu kilichoachwa wazi sebuleni ni aibu. Mpwa akaingia kwenye mipangilio, akaifundisha isilale hata ikifungwa. Mke wangu alipoona inakubali kufungwa, akaivika kitambaa cha kufuma, kile cha maua kinachofanana na cha kwenye makochi. Feni ikaanza kulia. Nikatoa kitambaa. Jioni kimerudi. "Baba watoto, wageni wakija waone dude limekaa uchi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba vitu hivi viliundwa kwa ajili ya nyumba isiyokaliwa na watu. Aliyevibuni alimfikiria mtu mmoja, kijana, mwenye chumba chake, umeme wake usiokatika, na filamu zilizoandikwa majina kamili na mwaka kwenye mabano. Hakumfikiria mama wa nyumba mwenye vitambaa. Hakumfikiria mama mkwe.

Nije kwenye hayo majina, maana hapo ndipo nilipotaka kulia. Programu ikishaliona faili hailiachi hivihivi. Inalisoma jina, inakwenda kuuliza kwenye daftari la filamu za dunia huko intaneti, inarudi na bango, majina ya waigizaji na muhtasari wa hadithi. Jambo zuri sana kama una muvi za Hollywood. Faili letu la harusi lilirudi na bango la Wazungu wawili wanakimbia mvua. Akika ya mwanangu wa mwisho ikageuzwa katuni ya Kijapani. Mahafali ya binti yangu ya mwaka 2014 yakapewa picha ya jengo linaungua na onyo kwamba hayafai kwa watoto. Girlfriend, ile ya Kibongo ya 2003, ikapewa bango la filamu nyingine kabisa, kwa kuwa zenye jina hilo duniani zimejaa, na ya kwetu mashine hii haikuona sababu ya kuanza nayo.

Halafu kuna suala la Lufufu. Kwa wadogo zangu wasiomjua, huyu ndiye aliyekuwa akisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, akimweka stelingi sawa pale mwandishi wa Hollywood alipozembea. Ninayo Rambo ya Lufufu. Ninayo pia Rambo kavu, aliyoniletea shemeji. Programu ikaziona zote mbili, ikaamua ni filamu moja yenye nakala mbili, na kila ukibonyeza inaleta ile yenye picha safi. Ile yenye Lufufu imeificha kwenye menyu, chini ya neno linalomaanisha ubora hafifu. Ubora hafifu! Nyumbani kwangu hakuna anayemtaka Rambo asiyeongea Kiswahili. Anapiga risasi tu, hana hoja.

Mama mkwe wangu anatoka Unguja, na akija Dar huja na mizani ya kutupimia. Wenzetu walipata televisheni ya rangi miaka ya sabini, wakati sisi Bara tulingoja hadi 1994 ndipo vituo vya binafsi vikaanza kurusha. Hilo hutukumbusha kila anapokaa mbele ya runinga yetu. Jioni moja tukamwekea muvi ya Kihindi. Duara likaanza kuzunguka katikati ya kioo. Likazunguka. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Mkwe wangu, hii TV yenu mbona yafikiri?"

Nimwelezeje? Kwamba muvi imebanwa kwa H.265, mtindo wa mwaka 2013 unaopunguza ukubwa wa faili, TV yetu haiufahamu, na kwa hiyo laptopu ya watu, kuukuu, iliyofunikwa kitambaa, inajaribu kuitafsiri picha kwa picha huku tukisubiri? Nikasema, "Samahani mama, mtandao." Siku hizi lawama zote zinabebwa na mtandao na haujawahi kujitetea.

Iliyofuata ikaja na picha bila sauti. Stelingi anaimba, mdomo unakwenda, wacheza ngoma mia nyuma yake wanaruka, kimya. Faili lilikuwa na sauti ya DTS, ambayo watengenezaji kadhaa wa runinga wameiacha kwa kuwa ina malipo ya leseni. Mama mkwe akaangalia nusu saa hivyohivyo na akaielewa hadithi yote, nadhani kuliko sisi.

Upande wa waifai nao una vituko. Ruta yetu ina mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5, yenye kasi lakini ukuta unayatisha, na ya 2.4, yanayopenya ukuta lakini yanagombea hewa na kila ruta ya mtaa huu. Nyumba zetu ni za tofali za saruji na nondo, tena fundi wangu wa ujenzi alipenda nondo. Nikavuta waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye TV, ukipitia juu ya mlango. Ndipo nikaambiwa kwamba runinga nyingi zimewekewa tundu la waya la megabiti 100 kwa sekunde tu, na runinga ikikaa karibu na ruta, waifai yake inaweza kulipita. Waya nimeuacha. Tunaanikia vitambaa.

Na umeme ukikatika, hakuna kinachorudi kwa mpangilio. TV inaamka ya kwanza, inaitafuta seva, haioni. Ruta inafuata, inagawa namba za anwani upya; seva iliyokuwa 192.168.1.5 inaamkia 192.168.1.8, na TV inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe kahama. Dawa ipo: kuifungia seva namba moja humo ndani ya ruta. Ila nenosiri la ruta alibaki nalo kijana wa kampuni aliyekuja kuifunga, na kijana huyo ameacha kazi.

Juzi Idi, mambo yakajipa. Umeme upo, namba zimepatana, feni imenyamaza, kitambaa kiko kwa jirani wanakiigiza maua. Sebule imejaa. Mama mkwe akaomba harusi yetu. Nikapita Wazungu wa kwenye mvua, nikabonyeza. Ikacheza! Picha ina mistari, rangi zimefifia, lakini bendi inasikika na watu wanaonekana sura. Wazee waliokwishatangulia wakatajwa mmoja mmoja na kuombewa.

Kamera ikageukia meza ya mbele. Pale pameketi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kijana, mwembamba, kavaa suti ya kukodi, anamlisha keki mke wake. Mke wa kwanza. Mke wa sasa alikuwa amekaa kwenye kochi letu, sahani ya biriani mapajani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yule wa kwanza alikuwa mrefu kiasi kile.

Shemeji akaniinamia sikioni. "Shemeji, hicho kipande hakiwezi kukatwa?"

Nikamjibu kweli tupu: kufuta kitu kunataka nenosiri la msimamizi, na msimamizi ni mpwa, na mpwa yuko chuoni.

"Hebu rudisha nyuma kidogo, mkwe wangu," mama mkwe akasema, akivaa miwani. "Nimwone vyema yule bibie. Mwanamke wa heshima sana yule."

Na runinga, ambayo haijawahi kutii amri bila kufikiri kwanza, ikarudisha papo hapo.