Ukame Usio na Meno

Ng'ombe wa tambarare za Same akitaka kufa, achague vizuri wa kumuua. Akiliwa na simba aliyetoka Hifadhi ya Mkomazi, mwenye zizi ana pa kuanzia: Kanuni za 2011 za kifuta jasho zinamtambua simba kuwa mnyama hatari, na fomu ipo. Alimradi ng'ombe asiwe ameliwa ndani ya hifadhi. Huko mkosaji ni yeye. Malipo hayafikii bei ya ng'ombe, na serikali yenyewe husema si fidia, lakini yana mhuri.

Akifa kwa ukame, shauri yake. Baada ya ukame wa 2009 serikali iligawa mifugo kwa waliofilisika Longido, Monduli na Ngorongoro. Same haikuwamo: iko Kilimanjaro, na Kilimanjaro, kwenye makaratasi, ni theluji na migomba.

Basi ukame nao utangazwe mnyama hatari. Sifa zote unazo: unaingia bila kibali, unamaliza zizi zima, hauogopi tochi wala debe linalogongwa usiku. Tatizo ni moja tu. Afisa atauliza umetokea upande gani wa mpaka, na ikithibitika umetoka hifadhini, utakuwa mali ya Taifa, na ole wake mfugaji atakayeufukuza.