Mwongozo Mfupi wa Kugongwa na Gari Ukiwa Juu ya Ubao

Kuanguka peke yako kutoka kwenye ubao wa magurudumu ni jambo la kila siku, na mapato yake ni haba: goti lililochunika, au kifundo cha mkono kilichovunjika kwa sababu ulitanguliza kiganja. Kijana mwenye ndoto kubwa haridhiki na hayo. Anataka gari. Kwa ajili yake tumeandaa mwongozo huu, tukizingatia barabara za Nairobi, ambako vifaa vyote vya kazi hii vinapatikana bure.

Hatua ya kwanza: Kaa mbali na uwanja. Kule Kangemi, katika makao ya watoto ya Shangilia, kuna uwanja wa saruji uliofunguliwa mwaka 2013 mahsusi kwa wapanda ubao. Una miteremko na kingo za kuchezea, lakini una kasoro moja kubwa: gari haliingii. Usipoteze muda wako huko.

Hatua ya pili: Tafuta mteremko wenye kokoto. Gurudumu la ubao lina kipenyo cha sentimita tano tu, au zaidi kidogo. Kokoto ambayo tairi la gari haliihisi kabisa, kwako ni ukuta. Ubao utasimama papo hapo, wewe hutasimama. Hakikisha basi kwamba huko unakorushwa ndiko magari yanakopita. Na kwa kuwa ubao hauna breki isipokuwa soli ya kiatu chako, vaa ndara.

Hatua ya tatu: Toka saa moja jioni, umevaa nyeusi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji sekunde nzima na ushei ili akuone, aamini macho yake na kupeleka mguu kwenye breki. Hapo kwenye kuamini ndipo penye siri. Dereva wa Nairobi amezoea boda boda, mkokoteni, hata mbuzi. Lakini wewe umesimama wima kama mtu anayetembea, na mtu anayetembea hafiki mbali kwa sekunde mbili. Wewe unafika. Akikuona kando ya barabara anakuhesabu hapo hapo kando. Akitazama tena, uko mbele ya taa zake.

Hatua ya nne: Dandia. Mwaka 1985 sinema ya Back to the Future ilimwonyesha Marty McFly akishika nyuma ya gari na kuvutwa hadi shuleni juu ya ubao wake, nywele zikipepea. Nawe shika matatu. Utagundua mambo mawili ambayo sinema haikuyaeleza. Kwanza, barabara huioni: tuta linachomoza kutoka chini ya gari likiwa limebakiza hatua moja kufikia miguu yako. Pili, abiria wa ndani akikumbuka ghafla kwamba amefika kwake, konda hugonga bodi na dereva hukanyaga breki. Hakuna atakayekugongea wewe.

Hatua ya tano: Ning'iniza helmeti kwenye begi. Inapendeza pale, na begi lako litakuwa salama kabisa. Wazee walisema ajali haina kinga, na ni wajibu wako kuwatetea. Kwa kawaida bampa huanza na muundi, boneti hupokea kiuno, kisha kichwa huenda kukisalimu kioo cha mbele, na baada ya kioo kuna lami. Ukiona hayo hayatoshi, ongeza mwendo wa gari: mwendo ukiwa maradufu, nishati ya pigo huwa mara nne.

Hatua ya sita, kwa waliofuzu: Fuata ubao. Hii ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote, kwani haihitaji hata uwe juu yake. Jioni moja nilimwona kijana akiruka kijiti pembeni mwa barabara. Alianguka vizuri, akakaa kitako, akacheka. Ubao ukaponyoka peke yake, ukavuka ukingo, ukaingia barabarani kwa utulivu kama mwenye miadi. Kijana akaacha kucheka. Akainuka na kuufuata bila kutazama kushoto wala kulia, mkono mmoja mbele, kama mama anayemkimbilia mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Muuza njugu akamdaka ukosi wa shati. Matatu ikapita. Tukasikia mlio mmoja mkavu, kraa, na ubao ukatoka upande wa pili ukiwa vipande viwili, gurudumu moja bado linazunguka.

Kijana alilia. Alimlaumu hata muuza njugu, ambaye alikuwa amekwisha rudi kukoroga njugu zake zisiungue. Ningekuwa na maneno ya kumfariji, ningemkumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wiki mbili baadaye nilimwona pale pale, na ubao mwingine. Walioitunga methali hiyo walikuwa watu makini: walizungumzia koleo peke yake. Kuhusu kuvunjika kwa mhunzi hawakuahidi lolote.