Kuisifu Fomu ya Tathmini

Malenga wamekwisha kuusifu mnazi kutoka mzizi hadi kuti, lakini fomu ya tathmini ya mwaka, ambayo kila Desemba hutujia kutoka makao makuu yaliyoko Marekani kwa nia njema ya kutulea, haijapata wa kuisifu. Na maadamu mimi ni mmoja wa waliolelewa nayo hata mvi zikaota, naona ni wajibu wangu kuilipa fadhila.

Nasaba yake ni tukufu. Jack Welch, aliyeiongoza kampuni ya General Electric tangu 1981 hadi 2001, aliwagawa watu wake mafungu matatu: asilimia 20 wa juu wa kuenziwa, 70 wa katikati wa kuvumiliwa, na 10 wa chini wa kuonyeshwa mlango. Microsoft nayo ilikuwa na mpango wa jinsi hiyo hadi ilipouacha mwaka 2013. Kampuni yetu, isiyopenda kitu cha thamani kipotee bure, ingali ikiutumia.

Fadhila yake kuu ni insafu. Kadhi wa kawaida aweza kuketi kutwa nzima asimpate mwenye hatia. Fomu haina udhaifu huo, kwani idadi ya wakosefu hukatwa kabla ya kosa kutendwa. Idara yetu hapa Dar es Salaam ilikuwa na watu watano, na asilimia 10 ya watu watano ni nusu mtu. Mas'ala haya yaliwataabisha sana wenye elimu: itolewe nusu ipi, ya juu inayofikiri, au ya chini inayokimbilia daladala alfajiri? Na nusu itakayosalia ilipwe nusu mshahara, hata kama tumbo limebaki upande wake? Makao makuu, kwa rehema zao, yaliona kwamba kumfukuza nusu mtu ni ukatili usioilaiki kampuni yenye adabu. Basi akafukuzwa mzima.

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita. Fomu hutuzoeza kutunza siri, maana ukimwelekeza mwenzako kazi akapanda, wa kushuka ni wewe. Hukuza ukarimu pia: meneja mwerevu huajiri mtu dhaifu mwezi wa Septemba, akamlisha vizuri kama mbuzi wa kafara.

Yule mzima aliyefukuzwa alikuwa mama wa bohari, aliyejua bila daftari kila kontena lilipo. Kosa lake liliandikwa kuwa "haonekani", yaani hasemi katika vikao vya simu vinavyofanywa saa nne ya usiku kwetu, ili wakubwa wa huko wavifanye wakiisha kula chakula cha mchana. Saa nne ya usiku! Mtu aliyeamka saa kumi, ana watoto, ana mzazi mgonjwa! Aliyempa alama hiyo hajapata kukanyaga bohari. Na kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hudai sababu halali kabla ya mtu kuachishwa kazi, fomu ikatiwa jaladani kuwa ndiyo sababu. Meneja wetu, ambaye aliyajua yote, alimwambia huku akitazama dirishani kwamba si yeye, ni mfumo. Mfumo gani? Saini iliyo chini ni yake, tena ya wino.

Yeye mwenyewe alipata alama ya juu kabisa katika kifungu cha ujasiri wa uongozi. Machi, makontena mawili yalipotoweka katika hesabu, makao makuu yalileta wataalamu, wakakaa hoteli ya ufukweni, wakaandika kwamba bohari inahitaji mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Na meneja akaja mezani pangu kuuliza kama ninayo namba ya simu ya mama yule.