Mfereji wa Maana Mbili

Katika mtaa wetu wa Buruburu, ambao nyumba zake zilianza kujengwa mwaka 1973, uwanja wangu wa kuegesha gari ulimwagwa zege na mwenye nyumba aliyenitangulia, mtu ambaye nadhani hakupata kushuhudia mvua maishani mwake. Maana zege lile limeuinamia mlango kama mja aliye katika sijida, na kila masika, tangu Machi hadi Mei, maji ya barabarani huingia sebuleni pasipo kubisha hodi, ilhali udongo mweusi wa Eastlands, ukishavimba, hauyanywi tena hata tone.

Nikaazimia kulikata zege mbele ya kizingiti na kutia mfereji wenye wavu wa chuma, uyapokee maji hayo kwa taadhima na kuyafikisha katika mtaro wa mtaa. Fundi, kijana aliyejaaliwa maneno mengi kuliko vifaa, alifumba jicho moja, akasema, "Mzee, hii ni ya siku moja." Nilipomwuliza iko wapi pima maji, alijibu kwamba jicho hilo limekwisha kusimamisha maghorofa Kayole na Umoja, nami, ambaye sijajenga hata banda la kuku, nikanyamaza.

Grenda ilianza kulia saa tatu asubuhi. Vumbi likaingia katika uji, katika ndevu zangu, na katika nguo nyeupe alizokuwa ameanika mama jirani, ambaye alichungulia juu ya ukuta akanisalimu kwa sauti isiyokuwa ya salamu. Kufikia alasiri handaki lilikuwa tayari, kina chake sentimita 10 toka mwanzo hadi mwisho, nami nikausifu usawa ule kwa ujinga, kwani mfereji hutakiwa ushuke kama sentimita moja kwa kila mita, na huu wetu ulikuwa umeufuata uso wa zege kwa uaminifu, pamoja na makosa yake yote. Likasalia pigo moja la tindo, la kusawazisha pembe. Pigo hilo likalikuta bomba.

Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo zamu ya maji hutufikia. Usiku nilikuwa nimemwomba Mola mfereji, neno ambalo hapa Nairobi ni njia ya kutolea maji na pia ni bomba la kukingia ya kunywa, na sikubainisha. Maji yakaruka kimo cha mtu. Watoto wakapiga mbiu. Mitungi ikapangwa foleni hadi nje ya geti, na fundi, huku akilisaka koki, akaniambia kwa furaha ya kweli kwamba sasa tutaujua mteremko. Tukaujua. Maji yaliupa mgongo mtaro, yakashika njia ya sebuleni.

Mama jirani alifika wa mwisho, na beseni la zile nguo. Aliitazama foleni, akanipita kwa adabu, akavua viatu mlangoni, akaingia ndani kuzisuuza.