Mjuzi wa Gerezani Ajibu: Gari la Mkononi, Sumaku na Mama Mkwe

SWALI: Shikamoo Mjuzi. Nina akiba ya shilingi milioni 9 na nataka gari la mkononi lisilokula mafuta wala kunilaza njiani. Ninunue lipi, na nilichunguze vipi? — Mwalimu, Buguruni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia adhuhuri nikiwa nimeketi barazani pangu hapa Gerezani, mahali ambapo, kwa sababu ya maarifa aliyonijaalia Mola pasi na mimi kuyaomba, mafundi hushusha nyundo zao nipitapo, si kwa hofu bali kwa taadhima. Na wale wasioshusha, ni kwa kuwa hawajaniona. Sikupenda kuanza kwa kujitaja, maana ghururi ni maradhi ya watu wenye elimu haba, lakini lau nisingejitaja, ungejuaje kwamba umebahatika?

Naweza, nikiwa nimefumba macho, kuisikia injini ikikohoa upande wa Mtaa wa Lumumba na kutaja ni plagi ya ngapi iliyokufa. Fundi mmoja mwenye inda alithubutu kufungua ili anikosoe, akakuta iliyokufa ni nyingine. Jambo lililothibitisha tu kwamba alizihesabu kuanzia upande usiofaa. Lakini tuyaache hayo, ingawa ni matamu.

Swali lako la kwanza hujibiwa kwa miguu. Shuka mwendokasi kituo cha Gerezani, upite maduka ya spea ya hapa na ya Kariakoo, wala usitazame magari, tazama vyuma. Kwani gari ambalo taa zake, bampa zake na shokapu zake zimeanikwa kila kibaraza, mpya kwa mtumba, hilo ndilo gari ambalo mshahara wa mwalimu waweza kulitunza. Utaona IST imetamalaki. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na injini zake za jamii ya NZ, za cc 1300 na 1500, ndizo zilizomo katika matoleo mengi ya Probox, Raum na Spacio na baadhi ya Vitz, hata fundi wa IST hashangai akifungua boneti ya Raum, wala muuza spea hakutumi Dubai kutafuta pampu ya maji. Tena injini hizo huendeshwa kwa mnyororo wa taimingi, si mkanda, basi umeepukana na gharama ya kuubadilisha mkanda kila baada ya muda.

Utasema gari hilo ni la kila mtu, hata la madereva wa teksi. Naam, na hiyo ndiyo sifa yake! Mwungwana mmoja aliyedharau shauri langu alinunua gari la fahari ambalo mtaa mzima haukupata kuliona mfano wake, na hadi sasa mtaa unaliona vizuri sana, kwa kuwa limesimama palepale likingoja taa kutoka ng'ambo.

Wala usitamani kuagiza mwenyewe kwa akiba hiyo. Bandarini utakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa kadiri ya ukubwa wa injini ukizidi cc 1000, na juu yake nyongeza ya uchakavu ikiwa gari limepita miaka 8 tangu kuundwa, ambayo huwa kubwa zaidi likipita 10. Nunua lililokwisha kulipiwa na mwingine, umwombee dua.

Ama uchunguzi, nina njia tatu za siri ambazo wahandisi wa vyuo vikuu, kwa husuda, hawazifundishi.

Ya kwanza ni mkeka. Muuzaji mjanja huwasha injini mapema ili ikukute imechangamka, ilhali maradhi mengi hujifichua injini ikiwa baridi. Basi tandika mkeka nje ya nyumba yake tangu usiku, ulale ukikumbatia bampa, na baada ya sala ya alfajiri umwamuru awashe. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayopenya. Na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, kunja mkeka urudi Buguruni.

Ya pili ni sumaku. Ishonee ndani ya mkono wa kanzu, ulipapase gari kwa mahaba. Mahali pa bati ambapo mkono hauvutwi, chini ya rangi pana puti, na chini ya puti pana habari ya ajali. Mimi nilipofanya hivyo nilitoka gereji na spana mbili za watu, nikasifiwa kwa wepesi wa mkono. Tena vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: ukitoka na tope, gari hilo lilikwisha kuogelea mafuriko ya Jangwani, na nyaya zake hazitatulia kamwe.

Ya tatu, iliyo kuu, ni mama mkwe. Mwombe kwa adabu aketi kiti cha nyuma, upite njia yenye mashimo. Kwa murua wake hatalalamika. Lakini akishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, bushi zimekwisha. Akianza kuvuta uradi, shokapu zimekufa. Akishuka na kusema atarudi kwa daladala, usinunue hata ukipunguziwa nusu. Akisinzia, toa kianzio.

Hapa nilikusudia kukusimulia jinsi nilivyomkatisha tamaa dalali mashuhuri kwa kumtazama tu, lakini mhariri amenipa ukurasa ilhali niliomba gazeti. Basi pokea mengine kwa haraka. Kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma, amini zaidi uchakavu wa pedali na usukani. Jina la kwenye kadi liwe la muuzaji, wala isiwe rehani ya benki. Tazama kwa namba ya gari kama lina madeni ya faini za trafiki. Andikianeni mkataba, uhamishe umiliki TRA kabla hujawaalika watu kula pilau. Usimalize milioni zote 9, bakiza za matairi, oili na bima. Na gari lisilokula mafuta kabisa ni lile la yule mwungwana wa fahari; nasikia analiuza.

Bi Harusi wa Ilala, uliyeuliza rangi: nyeupe. Wasalaam.