Hatua za Dalali

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Lakini dalali wa Kivule au Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambaye huenda hajaisoma, huuza kiwanja cha hatua 20 kwa 20, hatua hizo zikiwa za miguu yake mwenyewe, nazo hufupika siku anayolipwa na muuzaji. Mauziano huandikwa kwenye karatasi ya daftari, majirani wa mipaka yote hutia saini, kisha hugongwa muhuri wa serikali ya mtaa, ofisi isiyo na mamlaka ya kummilikisha mtu ardhi. Soko hili wataalamu huliita lisilo rasmi, yaani linaloendeshwa nje ya upimaji na usajili wa dola. Hilo ni jina la adabu kwa soko lililojenga sehemu kubwa ya Dar es Salaam ramani za mipango miji zikisubiri saini. Mpimaji hufika baadaye na kugundua kwamba barabara iliyochorwa inapita sebuleni. Hapo ukuta hupakwa X nyekundu, na mwenye nyumba, ambaye tangu 2021 hukatwa kodi ya jengo hilohilo anaponunua umeme wa LUKU, huulizwa ni nani aliyemruhusu kujenga.