Sifa za Katiba ya Mfano

Wanaolalamikia katiba ya mfano, yaani andiko ambalo makao makuu ya kanisa huliandaa ili sharika ziliige kifungu kwa kifungu, hawajaitafakari vya kutosha rehema iliyomo ndani yake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, na ni busara iliyoje kwamba usharika wowote wa delta ya Rufiji, hata wenye waumini wanaoenea katika mtumbwi mmoja, upewe kamati zilezile zinazoupamba usharika wa katikati ya Dar es Salaam, ijapokuwa mhasibu, mkaguzi wake na anayemkagua mkaguzi watalazimika kuwa mama mmoja. Akidi, ambayo ni idadi ya wajumbe inayohalalisha kikao, haina haja ya kujua kama maji yamekupwa. Ni juu ya maji kuisoma katiba. Mto wenyewe, unaokaidi mfano wa mito yenye mlango mmoja, ungefaa kurekebishwa, na meli ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa humo Julai 1915, inathibitisha jinsi vyombo vikubwa vilivyoundwa mbali vinavyostawi katika tope la delta. Waumini wa Kibiti, wilaya yenye delta hiyo, wanaombwa wapitishe marekebisho ya katiba kwanza; nakala za kusoma zitaletwa barabara ikikauka.